Ada ya watoto na hela ya paa zimo kwenye hisa za teknolojia: niuze, nisubiri au nikope niongeze?

Habari dada, pole na majukumu. Mimi ni dereva gaidi, yaani naendesha na kuongoza watalii, nipo Sakina hapa Arusha, nina mke na watoto wawili, mkubwa yupo la sita mdogo la pili, wote wanasoma shule za kulipia. Naomba unisaidie mawazo maana kiukweli usingizi sina.

Kazi yetu unaijua, mshahara ni mdogo, hela yenyewe ipo kwenye tipu na tipu zinakuja kwa dola. Miaka kama mitatu nyuma nilibeba mgeni mmoja mzee wa Kimarekani, mtu mstaarabu sana, njia nzima kutoka Ngorongoro mpaka Seronera tunapiga stori, akaniambia yeye kastaafu vizuri kwa sababu ya hisa za kampuni za teknolojia alizonunua zamani akazisahau. Niliporudi mjini nikatafuta aplikesheni ya nje inayouza hisa za Marekani hata kipande kidogo, nikafungua akaunti, basi kila nikitoka safari naweka dola mia, mia mbili, msimu ukiwa mzuri hata mia nne. Nvidia, wale watengeneza chipu za kompyuta, ndo nyingi, imezidi nusu, halafu Meta wenye Facebook, Tesla na Microsoft. Jumla niliyotoa mfukoni ni kama dola 6,400. Ikapanda mpaka 9,800, nikaanza kupiga hesabu ya Noah. Sasa imeporomoka, leo nakuandikia inasoma 7,100, juzi ilikuwa 6,900, yaani kuna siku inaondoka hela ya safari nzima kabla sijamaliza kula.

Kuna na jambo lingine sijamwambia mtu. Mshikaji alinionyesha aplikesheni nyingine, ukiweka dola 100 unafanya biashara kama una 500, wanaita leveraji. Niliweka 1,500, zimebaki 900, na sielewi zile nyingine zimeenda wapi maana Nvidia yenyewe haikushuka kihivyo.

Soko lao kipindi hiki linafunguka saa 11 na nusu jioni kwa saa zetu linafungwa saa 6 usiku, kwa hiyo muda wa kukaa na watoto mimi nipo kwenye simu. Safari iliyopita ndani ya Serengeti network ilikuwa inasumbua, nikawa kila penye muinuko nasimamisha gari nainua simu dirishani, mpaka mama mmoja wa Kijerumani akaniuliza kama nyumbani nina mgonjwa. Nilisikia vibaya sana dada.

Mke wangu anajua nina akiba ya dola ila anadhani ipo benki. Tuna boma letu Moshono limefika kwenye lenta, anataka tupaue kabla ya masika, fundi kapiga mbao na bati kama milioni 6. Januari ada awamu ya kwanza kwa wote wawili ni milioni 3 na laki 6. Mwezi wa nne na wa tano unajua hapa mjini magari yanalala, hamna mgeni, na nyumbani tunakula kama laki 7 kwa mwezi.

Ushauri niliopewa ni mwingi. Mwenzangu wa kazini anasema nichukue mkopo wa SACCOS milioni 5 ninunue sasa hivi bei ikiwa chini. Shemeji yangu anasema niuze zote ninunue bodaboda mbili. Mwingine anasema niweke oda ya kuuza yenyewe bei ikishuka nisiwe naangalia simu. Nifanye lipi?

Dereva Gaidi, Sakina

*

Kaka yangu, asante kwa kuandika kwa uwazi na kuweka namba. Wengi wananiandikia tu hisa zinashuka nifanyeje, nakosa pa kuanzia.

Jibu langu nakupa mapema halafu nitaeleza. Mkopo wa SACCOS usichukue. Akaunti ya leveraji ifunge leo hii, hiyo 900 itoe yote. Na kwenye hizo 7,100 acha kabisa kujiuliza kama Nvidia itapanda au itashuka, maana hilo sijui mimi, hajui mwenzako, na hata yule mgeni wako mzee hajui. Jiulize ni hela ipi humo ndani ina tarehe, yaani siku ya kutumika inajulikana. Hela yenye tarehe itoke, isiyo na tarehe inaweza kubaki ikapanda na kushuka inavyotaka.

Tuanze na leveraji maana ndo inayochoma haraka. Kule kaka hujanunua hisa. Umeweka dau na kampuni juu ya bei ya hisa, mikataba ya aina hiyo inaitwa CFD, sehemu kubwa ya hela unayochezea ni ya kukopeshwa na kila usiku dau lako likilala wazi unakatwa riba ya huo mkopo, jumlisha na tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia wanayokula wao. Hela zako nyingine zimepita huko, ndo maana bei haikushuka sana lakini salio limeshuka. Wasimamizi wa masoko wa Ulaya mwaka 2018 walisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye CFD hupoteza hela, wakazilazimisha kampuni ziwaonye wateja, na kwenye hisa moja moja wakaweka kikomo cha mara tano. Hiyo mara tano yako ndo ukomo wa juu kabisa kwao.

Ngoja nikuonyeshe inavyofanya kazi kwa Nvidia yenyewe. Tarehe 27 Januari 2025, baada ya habari za DeepSeek, akili mnemba ya China, Nvidia ilishuka kama asilimia 17 kwa siku moja, thamani ya karibu dola bilioni 590 ikaondoka, kampuni ya Marekani haijawahi kupoteza kiasi hicho ndani ya siku moja kabla ya hapo. Mwenye hisa halisi za dola 1,000 alilala na kama 830, inauma ila hisa anazo. Mwenye leveraji ya mara tano, asilimia 17 mara tano ni 85, na kampuni haimsubiri afike huko, ikiona dhamana yake inaisha inamfungia dau yenyewe. Kesho yake Nvidia ikapanda karibu asilimia 9. Mwenye hisa akarudishiwa sehemu, yule wa dau alikuwa ameshatolewa, bei ipande isipande haimhusu tena.

Ukienda kutoa hiyo 900, wakikwambia uongeze hela kwanza ndo utoe, au ulipe kodi kwao kwanza, usiongeze hata senti. Na uangalie kama kampuni hiyo ina leseni ya CMSA, wale wasimamizi wa masoko ya mitaji hapa kwetu, orodha wanaitoa wazi.

SACCOS sasa. Mkopo wa SACCOS una marejesho kila mwezi na una wadhamini, tena naamini wadhamini wako ni hao hao madereva wenzako. Mwezi wa nne gari limelala, tipu hakuna, marejesho yanadai, hisa nazo zikiwa chini utauza tu, kwa bei yoyote ile, na ukishindwa anakatwa mwenzako ambaye naye hana safari mwezi huo. Huyo aliyekushauri kwa nini hajakopa yeye.

Na hapa kuna kitu naona hujakiwaza, na ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye barua yako. Kipato chako kinatoka kwa Wamarekani na Wazungu wanaokuja kupanda gari lako. Akiba yako umeiweka kwenye kampuni za Wamarekani hao hao. Mambo yakiharibika kwao, hisa zako zinashuka na mgeni naye anaahirisha safari, kazi yako na akiba yako vinakula sahani moja. Mwaka 2020 wa Korona uliuona kwa macho. Kati ya Februari na Machi hisa za Nasdaq, soko la Marekani ambako kampuni nyingi za teknolojia zipo, zilishuka kama asilimia 30, na muda huo huo ndege zikaacha kuja. Hisa zilirudi haraka, kufika Juni zilikuwa zimeshavunja rekodi, lakini watalii Tanzania walianguka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 mpaka kama 620,000 tu mwaka 2020. Dereva aliyekuwa na akiba yote kwenye hisa aliuza Machi chini kabisa kwa sababu watoto lazima wale, hakuwepo Juni zilipopanda.

Aprili 2025 ikajirudia kwa ukubwa mdogo. Tarehe 3 na 4, baada ya ushuru wa Trump kutangazwa, Nasdaq ilishuka karibu asilimia 6 siku moja na karibu asilimia 6 tena siku ya pili. Tarehe 9, saa mbili usiku na dakika kadhaa kwa saa zetu, akatangaza kusitisha sehemu kubwa ya ushuru huo kwa muda, siku hiyo hiyo soko likapanda asilimia 12. Hapo ni katikati ya masika, Arusha hamna mgeni. Aliyekuwa na hela ya chakula pembeni alivumilia siku hizo chache, aliyekuwa hana aliuza tarehe 4 au 7. Hisa zilikuwa zile zile na bei ile ile, tofauti yao ilikuwa ni unga ndani ya nyumba.

Kwa hiyo tupige hesabu yako. Ada ya Januari milioni 3 na laki 6. Matumizi ya msimu mbaya weka miezi mitatu usiweke miwili, maana mwisho wa Machi nao unakuwa umeshapoa, hiyo ni milioni 2 na laki 1. Paa milioni 6. Jumla milioni 11 na laki 7. Tukadirie dola moja kwa shilingi 2,500 inakuja kama dola 4,680, ongeza kidogo ya makato fanya 4,800. Hiyo ndo hela yenye tarehe, na tarehe zote zipo ndani ya miezi michache. Uza ya kiasi hicho wiki hii, usiigawe eti nusu sasa nusu bei ikipanda, maana mwalimu mkuu hasubiri bei ipande. Anza kupunguza Nvidia kwa sababu imezidi nusu ya kila ulichonacho. Najua unaona una kampuni nne lakini Microsoft na Meta ni miongoni mwa wateja wakubwa wa Nvidia, wakisema tu wanapunguza kununua chipu zinashuka zote pamoja.

Kinachokushika mkono najua ni ile 9,800. Kichwani kwako umepoteza 2,700. Kaka umetoa mfukoni 6,400 na upande huu una 7,100, ukiuza leo unauza kwa faida, ndogo lakini faida. Ile 9,800 ilikuwa bei ya siku ile kwa mtu aliyeuza siku ile.

Na ukisema nitasubiri zirudi, basi ujue kurudi kunaweza kuchukua muda gani. Nasdaq ilifika kileleni Machi 2000, mpaka Oktoba 2002 ilikuwa imeshuka asilimia 78, na ilikuja kukipita kile kilele mwaka 2015. Meta ilikuwa juu ya dola 380 Septemba 2021, Novemba 2022 ikawa chini ya 90, mwanzoni mwa 2024 ikawa imeshapita ilipokuwa, hiyo ilirudi vizuri. Zoom nayo Oktoba 2020 ilipita 550, mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya 70, waliosubiri irudi walisubiri sana. Siku ya kushuka zote zinafanana, huwezi kujua umeshika Meta au umeshika Zoom, na ndo maana hela ya hisa hizi iwe hela ambayo hata ikikaa miaka kumi hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.

Oda ya kuuza yenyewe haitakulinda unavyodhani. Kampuni hizi zinatoa ripoti za robo mwaka soko likiwa limefungwa. Februari 2022 Meta ilitoa ripoti usiku, kesho yake soko lilipofunguka bei ilikuwa tayari imeanguka mbali sana, siku hiyo ikaisha chini kwa asilimia 26. Aliyeweka oda ya kuuza ikishuka asilimia 10 aliuziwa kule chini bei ilipoanzia. Na hisa kama Nvidia na Tesla kuna wakati zinashuka asilimia 7 au 8 na kupanda tena, oda itakutoa wewe upo Ndutu huna habari.

Bodaboda sina ubaya nazo ila huna mtu wa kuzisimamia na wewe haupo mjini nusu ya mwezi, shemeji mwambie asante.

Kwenye kutoa hela, kule Marekani mauzo yanakamilika siku moja ya kazi baada ya kuuza, kisha hela inatumwa benki na hapo kuna makato kila inapotumwa, kwa hiyo toa mara moja usitoe vidogo vidogo. Nenda benki kabla, uulize wanakata kiasi gani kwenye dola zinazoingia, na hapo hapo uulize kuhusu kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu kwa mkazi anayepeleka mtaji nje, ujue upo upande gani kabla hujatuma nyingine. Zikifika zibadilishe ziwe shilingi, usizikalie dola ukisubiri ipande. Mahitaji yako yote ni ya shilingi, na mwaka 2024 uliona dola ilivyopita 2,700 halafu kufika mwisho wa mwaka ikashuka kuelekea 2,400, hiyo nayo ni hasara ukikamatwa vibaya.

Hela ya paa usiiweke popote, nunua mbao na bati. Ada na chakula cha masika weka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kuitoa hela ni siku chache za kazi. Ile 900 ya leveraji ikitoka salama iende huko huko, isubiri awamu ya pili ya ada.

Zitabaki kama dola 2,300 kwenye hisa. Hizo ziache. Zima taarifa zote za aplikesheni kwenye simu, angalia ukitoka safari baada ya kuoga na kula, porini usiangalie kabisa. Yule mama wa Kijerumani aliona kitu cha kweli, na macho yako mle porini yanatakiwa kwa wageni na kwa barabara. Msimu ukianza tena mwezi wa sita, tipu ya kwanza ijaze fungu la ada na la masika, fungu likijaa ndo unaongeza hisa, na ukiongeza usinunue Nvidia tena, kuna mifuko inayobeba kampuni mamia kwa pamoja, aplikesheni yako bila shaka inayo.

Wifi yangu mwambie wiki hii kabla hujauza. Kaa naye chini na simu mkononi, umwonyeshe akaunti zote mbili, pamoja na ile iliyotoka 1,500 ikabaki 900, usimfiche hiyo halafu aje kuikuta mwenyewe. Atakasirika na ana haki, mvumilie. Halafu mwandikie kwenye daftari jina la aplikesheni, barua pepe uliyofungulia, na namna ya kuwasiliana nao. Wewe ni mtu wa barabara kaka, likitokea la kutokea hakuna mtu Arusha nzima anayejua kama hiyo hela ipo.

Ukishapata jibu la benki kuhusu makato niandikie, kuna madereva wenzako watatu wameniuliza swali hilo hilo na ningependa niwajibu kwa pamoja.